Chuma cha Vita katika Udongo wa Kongwa

Kidete ni stesheni ya Reli ya Kati, baina ya Kilosa na Gulwe. Mwaka 1947 mabehewa yaliyopita hapo yakipanda bara yalichukua shehena ngeni: matrekta na matingatinga yaliyosalia katika Vita Kuu ya Pili, baadhi yake yamenunuliwa Ufilipino. Yalikuwa yakienda Kongwa. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ilikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika ya Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika, ili zilimwe karanga, kwa gharama ya paundi milioni 25 hivi.

Waandishi wa habari za mpango huo hupenda kuhesabu fedha. Mimi napendelea kutazama ncha ya chuma, mahali kilipokutana na ardhi. Udongo wa Kongwa, mvua zikiisha, hukauka ukawa kama tofali, na ndani yake mna chembe kali zilizo ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zilisaga mabamba na majembe ya mitambo. Mizizi ya vichaka ikavunja yaliyosazwa. Vipuri vilikuwa haba, na madereva wengi walipewa mafunzo mafupi. Mwaka haujaisha, yapata theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi.

Ndipo likatafutwa shauri la kugeuza silaha kuwa zana. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, ikaviunda upya viwe matrekta, yakaitwa Shervick. Lilikuwa wazo la kupendeza masikioni, lakini kazi yake shambani haikulingana na sifa zake. Kifaru kilisanifiwa kubeba mzinga na kukimbia. Trekta hutakiwa kukokota mzigo polepole tangu asubuhi hadi jioni. Chuma kilibadilishwa umbo, asili yake ikabaki ileile.

Kilichofaa zaidi kilikuwa kitu duni: mnyororo wa nanga ya meli. Matingatinga mawili yaliuvuta kwa pamoja, la tatu likafuata nyuma kusukuma miti iliyokaidi. Husimuliwa kwamba maombi ya minyororo yalipofika London yalidhaniwa kuwa mzaha. Hata hivyo mnyororo haukuweza kuuokoa mpango wote. Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha, ikafuta deni la paundi milioni 36 na zaidi.

Tanganyika haikuwa nchi isiyojua chuma. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo. Majembe ya ng'ambo yalipojaa madukani, kuyeyusha kulififia, ila kufua hakukukoma. Mhunzi alibadili machimbo tu. Badala ya mlima, akachimba katika vyuma chakavu.

Mhunzi huyo haulizi chuma kiliitwaje zamani, huuliza kilifanya kazi gani. Springi ya lori imepinda na kunyooka mara zisizohesabika bila kukatika, basi yafaa panga na jembe. Bati la pipa ni laini, hulitengea koroboi na ndoo. Springi huitia motoni hata iwe nyekundu, huifua juu ya kipande cha reli kilicho fuawe yake, kisha huizamisha majini makali yake. Haiachi hapo, maana chuma kilichopozwa ghafula huwa kigumu lakini huvunjika upesi. Hukipasha tena moto mdogo ili kipate ustahimilivu.

Anayetaka kuunda bamba la trekta kwa vyuma chakavu hana njia nyingine. Mgongo wa bamba yafaa uwe wa chuma laini kiasi, kinachobonyea bila kupasuka kikigonga kisiki. Makali yawe ya chuma kigumu. Akiyachomelea kwa haraka bila kukipasha joto kwanza, ufa hutokea kandokando ya mshono kinapopoa. Kwa hiyo afadhali ayafunge kwa boliti, ili udongo ukisha kuyala ayafungue, aweke mengine, na bamba lenyewe lirudi shambani siku ileile.