KARATASI YA MAREHEMU: Historia ya cheti cha kifo, kutoka kwa wapagazi wa vita hadi kwa mama wa Ushetu



Wiki iliyopita tuliongea kuhusu cheti cha kuzaliwa na mkanijazia inbox. Asanteni sana. Ila kuna mama mmoja wa huku kwetu Ushetu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa mstari mmoja. Kaandika hivi: "Nesi, mwanangu amefaulu kidato cha sita, anaomba mkopo wa chuo. Wanataka cheti cha kifo cha baba yake. Baba yake tulimzika nyumbani, kijiji kizima kilikuwepo. Kwani watu mia tatu hawatoshi kuwa ushahidi?"

Mama huyo hakukosea kuuliza. Ili nimjibu vizuri inabidi nirudi nyuma kidogo, maana hii karatasi ina historia, na historia yenyewe inatuhusu sisi hasa. Nimeigawa sehemu tano. Soma taratibu, hata ukiwa unanyonyesha.

SEHEMU YA 1: Kabla ya karatasi

Usidhani wazee wetu hawakuwa na kumbukumbu. Walikuwa nazo, tena kali. Ukimsikia mtu anaitwa Kabula unajua kulikuwa na mvua alipozaliwa. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye aliyewafuata. Jina lenyewe lilikuwa cheti.

Na kifo hivyo hivyo. Muulize bibi yako mumewe alifariki lini. Hatakutajia tarehe. Atakuambia, "Ni mwaka ule wa Operesheni Vijiji, tumehamishwa tu, hata nyumba hatujaezeka." Au, "Vijana walikuwa Uganda kwenye vita." Wewe mwenye kalamu unapiga hesabu: Operesheni ilikuwa katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979. Umeshapata mwaka.

Kumbukumbu ya namna hiyo ilitosha kwa sababu watu walikaa pamoja. Aliyerithi shamba, wote walimjua. Anayedai ng'ombe, wote walimjua. Shida ilianza pale mambo yetu yalipoanza kuamuliwa na mtu aliye mbali, asiyemjua bibi wala ile mvua.

SEHEMU YA 2: Waliotuhesabu bila kutuandika

Mtu wa mbali wa kwanza kuja na daftari hakuja kuandika nani kazaliwa na nani kafa. Alikuja kuhesabu nyumba. Mwaka 1898 Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba. Kwenye daftari lile ulikuwa nyumba moja yenye deni.

Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Hapa kwetu hakukuwa na magari ya kutosha wala barabara, kwa hiyo chakula, risasi na dawa vilibebwa vichwani. Majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yote yalichukua wapagazi kwa maelfu, na Wasukuma na Wanyamwezi, waliokuwa wanajulikana tangu zamani kwa safari za misafara, hawakukosekana. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na hao wapagazi: Carrier Corps, ulimi wetu ukaifanya Kariakoo.

Wapagazi walikufa wengi kuliko askari. Kama nesi nakuambia, wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara, malaria, nimonia na njaa. Baada ya vita, askari wa Kizungu waliofia huku walitengenezewa makaburi yenye majina, kila mtu na jiwe lake. Wapagazi je? Ule mnara wa Askari pale katikati ya Dar es Salaam, uliozinduliwa 1927, unawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla. Maneno yapo, na Kiswahili kimo. Jina la mtu hata mmoja halipo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi. Ilisema watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wanafika 350,000.

Mama, hebu tulia hapo. Tofauti kati ya 116,000 na 350,000 ni watu zaidi ya laki mbili. Mpaka leo hakuna anayejua kama walikuwepo au hawakuwepo, kwa sababu hakuna aliyeandika. Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyekaa anachungulia njia.

SEHEMU YA 3: Sheria ya 1920 na wale isiowalazimisha

Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga sheria ya usajili wa vizazi na vifo mwaka 1920. Kwao Uingereza walikuwa wanasajili vifo tangu 1837, kwa hiyo faida yake waliijua vizuri.

Lakini ulazima wa kusajili uliwekwa kwa Wazungu na Waasia. Mwafrika hakulazimishwa. Unaweza kusema, si afadhali, usumbufu umepungua? Hapana. Asiyesajiliwa hana cha kuonyesha. Na daftari la kodi liliendelea: mwanamume akifa, ndugu ndio wanaenda kwa mtemi au kwa karani kueleza kwamba fulani amefariki, wasije wakadaiwa kodi ya marehemu. Yaani kwa mtu wa kawaida, kifo kilihusu serikali pale kilipopunguza kodi.

Baada ya uhuru ulazima ulipanuliwa wilaya kwa wilaya hadi ukatugusa wote. Sheria ni ile ile imefanyiwa marekebisho, leo inaitwa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Kumbe tunatumia nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yetu, tukaongezewa vyumba baadaye. Ndiyo maana mazoea yake hayajazama kwenye misiba yetu. Tunajua nani anachinja, nani anachimba kaburi, nani anapika ugali wa matanga. Nani anapeleka taarifa ya kifo? Hapo tunatazamana.

SEHEMU YA 4: Ziwa na shimo

Nitaje mambo mawili ya Kanda ya Ziwa ili muone uzito wa jina.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Idadi rasmi ya waliokufa ni 894. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Wapo waliozikwa pale Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa. Familia ambayo mtu wao alipanda daraja la chini ilibaki na maneno ya jirani tu: "Nilimuona bandarini."

La pili ni la hapa hapa Kahama. Oktoba 2015 wachimbaji wadogo sita walifukiwa kwenye mgodi wa Nyangalata. Juu watu wakakata tamaa. Siku ya 41, tarehe 15 Novemba, watano wakatolewa hai. Mmoja alifia chini. Walikuwa wanakula mende, vyura na magome ya miti, na kunywa maji yaliyokuwa yanadondoka.

Nawapa hilo la Nyangalata kwa sababu linaonyesha kwa nini serikali haikuandikii cheti kwa kusema tu "hatumuoni". Pasipo mwili, mambo yanahamia mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtu asiyesikika kwa miaka mitano, na wale ambao wangetakiwa kumsikia, anaweza kudhaniwa amefariki. Anadhaniwa tu. Akitokea kesho mlangoni, dhana inaondoka. Kwa mke wa mchimbaji miaka mitano ni mirefu, najua. Sasa tuseme mwili ulikuwepo, mkazika, halafu hamkuandikisha. Hapo mmejitengenezea tabu ambayo hata sheria haikuwapangia.

SEHEMU YA 5: Kalamu yangu

Mwaka 2006 serikali ilizindua RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kazi ya vizazi na vifo ikawa chini yake. Kuanzia 2013 ukaanza mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwa msaada wa simu ya mkononi. Ulianzia Mbeya, baadaye ukafika kwetu Geita na Shinyanga. Ndiyo maana leo mtoto wako anaweza kupata cheti pale pale anapopewa chanjo.

Cheti cha kifo hakikusogea hivyo. Sisi wa Ushetu halmashauri yetu tunayo tangu 2012 na makao makuu yako Nyamilangano, lakini kiwilaya tuko Kahama, na msajili wa vizazi na vifo yuko ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Kahama mjini. Mjane wa Ulowa ahesabu nauli, alale, arudi. Kizazi kimesogezwa mlangoni, kifo bado kinafuatwa mjini.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Usiku wachimbaji walimleta mwenzao, kaangukiwa na kifusi kwenye duara. Alifariki kabla ya alfajiri. Nikawauliza jina. "Anaitwa Chuma." Jina la baba? Mmoja akasema hili, mwingine akabisha. Machimboni watu wanajuana kwa majina ya kazi, mnaelewa. Nilikuwa nimechoka, wodi imejaa, nikaandika walichoniambia kwenye tangazo la kifo. Nikaona nimemaliza kazi.

Baada ya miezi kadhaa akaja mwanamke na watoto wawili, mmoja mgongoni. Cheti alikuwa nacho mkononi, kimetoka kwa lile jina nililoliandika mimi. Mume wake alikuwa ameacha kiwanja, na mkataba wa kununua ulikuwa na jina lake halisi. Shemeji zake walikuwa wamekishika kile cheti kwenye kikao cha ukoo wakasema, "Huyu aliyeandikwa hapa si ndugu yetu. Mumeo hana cheti. Subiri."

Alizunguka zaidi ya mwaka. Barua ya kijiji, kiapo cha majina, nauli, mashahidi, nauli tena. Mwisho alirekebishiwa cheti na kiwanja hakikupotea. Ila mbuzi aliowauza kwa nauli hawakurudi, na yule mtoto wa mgongoni alijifunza kutembea kwenye mabenchi ya ofisi. Hakunifokea. Alinikalisha tu akanitajia jina kamili la mumewe, taratibu, majina matatu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

Tangu siku hiyo siandiki jina la marehemu bila kuomba kitambulisho, au kumsubiri ndugu wa damu, au kupiga simu nyumbani. Wenzangu huwa wanasema nachelewesha. Sawa, acha nicheleweshe.

KWA HIYO TUFANYEJE?

Nimjibu sasa yule mama. Watu mia tatu walioona mazishi ni ushahidi, lakini ofisa wa mkopo aliye mbali hakuwaona hao mia tatu. Anaona karatasi, na karatasi yenyewe lazima ihakikiwe na RITA kwanza. Siku hizi uhakiki huo unaombwa kwa mtandao.

Haya yaandike pembeni:

Kifo kikitokea hospitali, usiondoke bila karatasi ya tangazo la kifo. Soma jina pale pale, herufi kwa herufi, lifanane na kitambulisho cha taifa au kadi ya kura. Likikosewa, tuambie kabla hujatoka. Usituonee aibu.

Kifo kikitokea nyumbani, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, akuandikie. Kisha peleka kwa msajili wa wilaya.

Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Ukipitisha hujapoteza haki, bado unasajili, ila vielelezo na safari vinaongezeka. Mama yangu wa swali, wewe uko hapa. Anza na mtendaji wako wiki hii, nenda na kitambulisho cha marehemu kama kipo, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Mtoto mchanga aliyezaliwa hai akafariki, hata kama ni baada ya saa moja, alizaliwa na alifariki. Anaandikwa yote mawili. Najua inauma. Wapo akina mama walioniambia baadaye kwamba ile karatasi ndiyo kitu pekee kinachoonyesha kwamba mwanao alikuwepo.

Na mirathi: mahakama ya mwanzo itakuomba cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo ndipo imteue msimamizi. Kikao peke yake hakitoshi, hata kama shemeji mkubwa amesema.

Nina ombi moja. Kwenye msiba ujao, mkishagawana nani anachinja na nani anapika, mchagueni na mtu mmoja wa karatasi. Awe kijana anayejua kusoma, mpeni nauli kutoka kwenye rambirambi. Wapagazi wale walikosa mtu huyo. Baba wa watoto wako asimkose.

Kama umekwama hatua yoyote, niulize hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye homa za watoto.