Vigingi vya Kawalase

Nilianza kuvuta cheni mwaka 1984. Wapima ardhi walikuwa wakiteremka kutoka Kitale na chombo chao kwenye sanduku la mbao, wanakaa hapa Lodwar, Turkana, wiki mbili hivi, kisha wanarudi. Sisi wenyeji tulibeba cheni, vigingi vya chuma, saruji na madumu ya maji. Unashika ncha, unatembea mpaka mwenzako wa nyuma apige kelele, unavuta hadi cheni iache tumbo, kisha kigingi kinapigwa nyundo na saruji inamiminwa. Kwa miguu hii nimepima mitaa ya Napetet, Nakwamekwi na sehemu kubwa ya Kanamkemer. Mtu akiniuliza mji huu ulipangwaje, jibu langu ni moja: watu walitangulia, ramani ikafuata.

Lodwar ya kwanza ilikuwa boma tu kando ya mto Turkwel: ofisi ya serikali ya mkoloni, askari, na maduka machache. Turkana yote ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali. Ndiyo maana Waingereza walipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na wafuasi wake, walimtoa kifungoni Lokitaung mwaka 1959 wakamleta hapa, akakaa hadi 1961. Nyumba yake ipo mpaka leo. Mahali pa kumfichia mtu hapahitaji mitaro wala ploti za wajukuu, na hakuna aliyevifikiria.

Ardhi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na utaratibu wake. Familia yetu ilikuwa na ekwar kando ya Turkwel, yaani kipande cha msitu wa mtoni chenye mwenyewe. Miti ya ewoi iliyokuwamo, ile migunga mipana ya kivuli, ilijulikana kuwa yetu. Kiangazi kikikaza, mbuzi wetu ndio waliokula maganda yake, na jirani akiyahitaji alikuja kuomba. Kukata ewoi mbichi lilikuwa kosa la kujibiwa mbele ya wazee. Na mvua zilipokaribia, hakuna aliyelala ndani ya ekwar. Nyanya alikuwa akikunja ngozi zake na kutupandisha kwenye changarawe, huko juu kwenye joto na upepo, nasi watoto tukilalamika. Mto ulifurika, ukanywesha mizizi, ukarudi kitandani mwake, nasi tukarudi kivulini.

Njaa ndiyo iliyouvunja utaratibu huo. Ukame wa 1979 hadi 1981 tunauita Lopiar, kwa sababu ulifagia. Mifugo ilikufa kwa kiu na maradhi, wavamizi wakachukua iliyobaki, kipindupindu kikaja juu yake. Watu waliteremka kwenye vituo vya chakula, na asiyekuwa na mnyama wa kurudia alibaki mjini. Barabara ya kutoka Kitale, iliyojengwa kwa msaada wa Norwe, ikaleta malori, nayo malori yakaleta maduka. Mwaka 1991 bwawa la Turkwel lilikamilika huko juu, na mafuriko ya mto huo yakapungua. Kizazi kilichokua baada ya hapo kikaona ukingo ni mahali pakavu, tena karibu na maji. Mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, ukajaa kila penye nafasi, na ekwar za watu zikaonekana pori tu.

Kawalase ni mto mwingine. Hauna bwawa. Ni laga inayotoka magharibi na kukutana na Turkwel hapahapa mjini; kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira. Katika miaka ya 1990 tulitumwa kupima ploti pembeni mwake. Kigingi cha kwanza nilikipiga nyundo mara mbili kikazama hadi shingoni. Mchanga ule ulikuwa laini kama unga. Nikamwambia mkubwa wetu, "Mzee, hapa tumeingia mtoni." Akanijibu kwamba mchoro umeshapitishwa. Nikamimina saruji.

Miaka miwili baadaye maji yalikuja usiku, na mjini halikuwa limedondoka hata tone la mvua. Asubuhi nilikwenda kutafuta vigingi vyangu kumi na vinne. Niliona vitatu, kimoja kimelala ubavu na saruji yake chini kama jino lililong'olewa na mzizi. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya mlango wa bati. Nyumba ilikuwa imekwenda, mlango umebaki. Ploti ile aliinunua kwa mbuzi wa mahari ya binti yake. Hakunilaumu, wala hakujua kwamba mimi ndiye niliyekipiga kile kigingi chake. Nilimwambia mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba upande wa ukame tulijifunza mapema. Baada ya Lopiar, katikati ya miaka ya 1980, Turkana ilianza mfumo wa kutoa tahadhari: watu wanazunguka manyatta kwa manyatta wakiuliza bei ya mbuzi, hali ya malisho, umbali wa maji, afya ya watoto, na hali inapewa daraja, kutoka ya kawaida hadi dharura. Wilaya nyingine kame zikaufuata. Laga hazikuwa na daftari kama hilo.

Kakuma mambo yalikuwa hayohayo, kwa ukubwa zaidi. Palikuwa kituo kidogo kando ya laga ya Tarach hadi 1992, walipofika maelfu ya vijana wa Sudan waliotoka Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka huko. Kambi yao ya wakimbizi ilichorwa kuwa ya muda. Vita vikaendelea kuleta watu, ikaongezwa ya pili, ya tatu, na ya nne baada ya vita vya Sudan Kusini vya 2013. Waliozaliwa humo wana watoto wao sasa, na Tarach imewaingilia ndani mara kadhaa.

Kwa hiyo Kalobeyei, makazi mapya karibu na Kakuma, ilinigusa. Hekta 1,500 zilitengwa mwaka 2015, wakimbizi wakaanza kuingia 2016, na mji ukachorwa wa kutumiwa na wakimbizi na wenyeji pamoja, shule na zahanati zilezile. Nilikwenda kama kibarua wa kushika nguzo. Kwa mara ya kwanza maishani niliona laga imechorwa kwenye karatasi kabla ya nyumba.

Lodwar ilipata hadhi ya manispaa mwaka 2018, na sensa ya mwaka uliofuata ilihesabu watu zaidi ya 80,000. Mwaka 2020 bwawa la Turkwel lilijaa hadi watu wa chini wakaonywa wahame kingoni. Wengi hawakujua wahamie wapi. Changarawe yote ilikuwa imeshapata wenyewe.

Mwezi uliopita kijana mpima ardhi aliniomba nimpeleke Kawalase. Ana kifaa kidogo cha setilaiti, cheni haijui. Tulisimama chini ya ewoi mmoja uliobaki, nikamwonyesha juu ya vichwa vyetu majani makavu, vijiti na kipande cha ndala vilivyonasa kwenye matawi.

"Mzee, nani ameviweka huko?"

"Maji."

Alitazama kwa muda. Kisha alitoa utepe, akapanda kwenye shina, akaniachia ncha ya chini niishike. Niliivuta mpaka ikanyooka, yeye akasoma namba na kuiandika.