Matunda ya Mlima Sinai

Mwishoni mwa karne ya 4, mwanamke Mkristo aitwaye Egeria alitoka Magharibi ya mbali kwenda kuhiji katika nchi za Biblia, akawaandikia dada zake aliyoyaona. Andiko hilo lilipatikana tena Arezzo, Italia, mwaka 1884. Sisi tunaoandaa hija, na tulisome pia kwa jicho la mpishi.

Jumamosi jioni wamonaki wa Sinai walimpokea, akalala kwao. Dominika alfajiri wakaanza kupanda kwa miguu, moja kwa moja kama wapandao ukuta, wakafika kileleni, mita 2,285, saa nne. (Warumi walihesabu saa tangu macheo, kama Waswahili.) Huko wakasomewa habari za Musa, wakapokea Komunyo, na walipotoka kanisani mapadri wakawapa matunda.

Yalitoka wapi? Mwamba ule hauoti hata kichaka. Egeria aeleza kwamba chini, penye udongo haba, wamonaki walipanda miti na kuitunza kwa bidii. Mti haupandwi leo ukaliwa kesho: tunda la mgeni yule liliandaliwa miaka mingi kabla hajafika. Wapo waonao kwamba kupanga chakula cha hija ni kukosa imani. Lakini Eliya naye alilishwa mkate na maji kabla ya kutembea siku 40 kwenda Horebu.

Waliposhuka, wakafika mahali pa Kijiti cha Musa yapata saa kumi. Palikuwa na bustani na maji mema tele. Kwa kuwa jioni ilikaribia, wakala papo hapo bustanini, pamoja na wamonaki.