Dhahabu ya Olimpiki isiyotoka mikononi mwa wanawake wa Uchina

TANGU tenisi ya meza iingizwe katika Michezo ya Olimpiki jijini Seoul mnamo 1988 hadi Michezo ya Paris ya 2024, nishani ya dhahabu ya wanawake wanaocheza mmoja kwa mmoja imeshindaniwa mara 10. Mara zote 10 imetwaliwa na Uchina. Hakuna taifa jingine lililowahi kuigusa.

Mjini Seoul, Chen Jing alinyakua dhahabu, Li Huifen fedha na Jiao Zhimin shaba. Wenyeji Hyun Jung-hwa na Yang Young-ja walijiliwaza kwa kuwashinda Wachina katika fainali ya wachezaji wawili wawili. (Jiao baadaye aliolewa na mchezaji wa Korea Kusini, Ahn Jae-hyung, na mtoto wao, An Byeong-hun, akawa mchezaji gofu wa kulipwa.)

Aliyeupa mchezo huu sura inayokumbukwa hadi leo ni Deng Yaping, mzaliwa wa Zhengzhou katika mkoa wa Henan. Kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu tu, na wakuu wa timu ya mkoa walimkataa wakisema ni mfupi mno. Aliingia timu ya taifa mnamo 1988. Miaka minne baadaye, akiwa Barcelona, alimshinda mwenzake Qiao Hong katika fainali, na wawili hao wakashirikiana kutwaa pia dhahabu ya wawili wawili. Mjini Atlanta mwaka 1996 alirudia yote mawili. Fainali yake ya Atlanta ilikuwa ya kukata na shoka: alishinda seti mbili za kwanza, akapoteza mbili zilizofuata, kisha akaizoa ya tano kwa alama 21-5.

Mpinzani wake siku hiyo alikuwa Chen Jing, yule yule bingwa wa Seoul, ambaye sasa aliichezea Taiwan, inayoshiriki Olimpiki kwa jina la Chinese Taipei. Chen aliongeza shaba jijini Sydney mnamo 2000. Hivyo mwanamke mmoja alishinda dhahabu, fedha na shaba chini ya bendera mbili. Kisa chake si cha pekee, kwa maana mlango mgumu kuliko yote katika mashindano haya haupo Olimpiki. Uko Uchina kwenyewe, pale timu inapoteuliwa.

He Zhili aliujua mlango huo vyema. Katika mashindano ya dunia ya New Delhi mwaka 1987, wakuu wa timu walimwagiza ampishe mwenzake Guan Jianhua katika nusu fainali, kwani waliamini Guan angemweza zaidi Yang Young-ja wa Korea Kusini. He alikaidi. Alimshinda Guan, kisha akamshinda Yang na kutawazwa bingwa wa dunia. Timu ya kwenda Seoul ilipotajwa mwaka uliofuata, jina lake halikuwemo.

Alihamia Japani, akaitwa Chire Koyama. Mnamo 1994, katika Michezo ya Asia mjini Hiroshima, alikutana na Deng Yaping katika fainali na kumlaza. Waswahili hunena kikulacho ki nguoni mwako, na mashabiki wengi wa Uchina waliona uchungu kwamba aliyewanyima dhahabu alikuwa amelelewa nao. Koyama alifika Olimpiki hatimaye, Atlanta na Sydney, ila kwa jezi ya Japani.

Walioufuata mkondo huo ni wengi. Li Jiawei, mzaliwa wa Beijing aliyeichezea Singapore, alimtimua bingwa mtetezi Wang Nan katika robo fainali ya Athens mwaka 2004. Uchina haikutetereka, kwani Zhang Yining alikuwepo, naye alimcharaza Kim Hyang-mi wa Korea Kaskazini seti 4-0 katika fainali. Feng Tianwei, mzaliwa wa Harbin, aliipa Singapore shaba ya London mwaka 2012.

Wakorea wana simulizi yao. Mnamo 1991, Korea mbili ziliunda timu moja katika mashindano ya dunia ya Chiba, Japani. Hyun Jung-hwa wa Kusini na Li Bun-hui wa Kaskazini wakasimama upande mmoja wa meza na kuipokonya Uchina kombe la timu za wanawake. Mwaka uliofuata, Barcelona, kila mmoja alirejea bendera yake na kuondoka na shaba. Hyun alitwaa ubingwa wa dunia wa mmoja kwa mmoja mwaka 1993, na ndiye wa mwisho asiye Mchina kufanya hivyo.

Kanuni nazo zimebadilika. Baada ya Sydney, kipenyo cha mpira kiliongezwa kutoka milimita 38 hadi 40 ili upunguze kasi. Mwaka 2001 seti ilishushwa kutoka alama 21 hadi 11, na mwaka 2002 ikapigwa marufuku kuuficha mpira wakati wa kuuanzisha. Mjini Beijing mwaka 2008, Zhang Yining, Wang Nan na Guo Yue walipozoa nishani zote tatu, ilionekana imetosha. Kuanzia London, nchi huruhusiwa wachezaji wawili pekee katika kitengo hiki.

Matokeo ya hatua hiyo ni kwamba nishani moja iliachiwa wengine, huku msongamano ukizidi mlangoni mwa Uchina. Liu Shiwen, bingwa wa dunia wa 2019 na mshindi wa Kombe la Dunia mara tano, hajawahi kucheza mmoja kwa mmoja katika Olimpiki. Wang Manyu, bingwa wa dunia wa 2021, aliishia kuwa mchezaji wa timu tu mjini Paris.

Hata wanaofaulu kuupita mlango huo hawana raha. Katika fainali ya London, Ding Ning aliadhibiwa kwa makosa ya kuanzisha mpira, akatokwa na machozi na kushindwa 4-1 na Li Xiaoxia. Alisubiri miaka minne. Jijini Rio, akiwa nyuma kwa seti 3-2 dhidi ya Li yule yule, alizitwaa mbili za mwisho, zote kwa 11-7.

Chen Meng alimshinda Sun Yingsha 4-2 katika fainali ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021, na akamshinda tena 4-2 jijini Paris. Sun ndiye aliyeorodheshwa wa kwanza duniani, naye ndiye aliyeshangiliwa na sehemu kubwa ya ukumbi. Bingwa alizomewa na watu wa nchi yake. Baadaye polisi wa Beijing walimkamata mwanamke wa umri wa miaka 29 kwa madai ya kuwachafulia majina wachezaji na makocha mtandaoni.

Kwa Afrika, ushindani huu umekuwa wa kudumu badala ya wa kushinda. Olufunke Oshonaike wa Nigeria alishiriki Olimpiki saba mfululizo, kuanzia Atlanta hadi Tokyo, na Dina Meshref wa Misri amekuwepo katika kila Michezo tangu London.

Ila kwa kudumu, huenda hakuna anayemfikia Ni Xia Lian. Alikuwa bingwa wa dunia na timu ya Uchina mwaka 1983, kisha akahamia Ulaya na kuichezea Luxembourg. Jijini Paris, akiwa na umri wa miaka 61, alimshinda mchezaji wa Uturuki katika mechi yake ya kwanza. Katika raundi iliyofuata alipangiwa Sun Yingsha, aliyezaliwa miaka 17 baada ya ubingwa ule wa 1983. Sun alishinda seti 4-0, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi aliyeshindwa.