Treni ndogo yenye moto wa kweli

KALEMIE – Juzi katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani nilimkuta mtoto akisukuma treni ya waya na makopo ya nyanya. Mzee mmoja wa reli alicheka: «Mwanangu, hiyo hata ukiiwashia moto haitavuta kitu. Ni ndogo mno.»

Maneno hayo yalinikumbusha ubishi uliotokea Uingereza miaka 100 iliyopita.

Tangu 1898 kulikuwa London na gazeti la Percival Marshall, Model Engineer, la watu wanaotengeneza mashine ndogo nyumbani, jioni wakitoka kazini. Treni zao nyingi ndogo zilichemsha maji kwa taa ya spiriti. Mtaalamu Henry Greenly na wenzake walizitetea. Mwaka 1922 akajitokeza mtu aliyejiita LBSC, herufi za reli aliyowahi kuifanyia kazi, London, Brighton and South Coast. Wengi walimjua kama Curly Lawrence. Treni yake, Ayesha, ilipita kwenye reli zenye nafasi ya milimita 64 hivi tu, ikachoma makaa ya mawe (siyo makala yetu ya jikoni) na kumvuta mtu mzima aliyekaa kwenye kibehewa nyuma. Ubishi ule uliitwa Vita vya Maboila.

Siri iko kwenye bomba la moshi. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutokea humo kwa nguvu, unavuta hewa kupita kwenye moto, na moto unazidi kuwaka. Kadiri treni inavyofanya kazi, ndivyo inavyojipulizia yenyewe.

Kuanzia 1924 LBSC aliandika gazetini, hatua kwa hatua, kwa lugha ya fundi wa kawaida, namna ya kuijenga nyumbani. Kazi ngumu ni boila. Hukatwa kwa shaba, ile ile inayochimbwa Katanga, na kuungwa kwa lehemu yenye fedha, kwa sababu lehemu ya kawaida huyeyuka upesi. Kabla ya kuwasha moto hujazwa maji baridi hadi juu na kusukumwa kwa pampu, kwa kawaida mara mbili ya nguvu itakayotumika. Boila ya maji ikipasuka inavuja tu. Ya mvuke ikipasuka inaua, hata ikiwa ndogo kama sufuria.

Nilimsimulia mzee haya yote. Baba yake alitia kuni kwenye mashine za mvuke za njia ya Kabalo, zile km 273 zilizofika hapa 1915. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Na ikitembea, maji anaongezaje?»

Nikamwambia kuna pampu ndogo inayoendeshwa na ekseli ya magurudumu.

«Ah,» akasema, na kumgeukia mtoto. «Lete hiyo treni, tuone magurudumu.»