Mti Ungojao Moto

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyonena wahenga. Tarehe 29 Aprili 1770 merikebu ya Kiingereza iitwayo Endeavour, chini ya nahodha James Cook, ilitia nanga mashariki ya Australia, katika ghuba ambayo watu wa Gweagal waliiita Kamay. Wenyeji wawili walisimama ufuoni kuwazuia wageni, wakajibiwa kwa bunduki. Ndipo Joseph Banks na Daniel Solander waliposhuka kukusanya mimea, na kwa wingi wa walichokipata ghuba ile ikaitwa Botany Bay, Ghuba ya Elimu ya Mimea. Mwaka 1782 jamii moja ya miti hiyo, yenye vishada vya maua vilivyosimama mithili ya magunzi ya mahindi, ikapewa jina la Banks: Banksia.

Jina lilikuwa jipya. Mti ulikuwa mkongwe. Jamii hiyo ina aina zipatazo 170, na nyingi mno huota kusini-magharibi ya bara hilo, katika nchi ya watu wa Noongar. Huko mchanga ni fukara, lakini banksia huotesha mashada ya vijizizi vyembamba vinavyoinyonya fosforasi hata pale ilipo haba. Maua yake hujaa mbochi, ambayo ndiyo riziki ya ndege wengi na ya mnyama mmoja mwenye mfuko, mdogo kama panya, asiyeishi ila kwa mbochi na chavua. Wanoongar nao waliyaloweka maua hayo majini, wakanywa utamu wake.

Aina nyingi za banksia hufunga mbegu zao ndani ya matunda magumu kama ukuni. Moto ukipita, matunda hupasuka, na mbegu huangukia majivuni. Lakini moto ukirudi kabla miche haijakomaa na kuzaa, ukoo hukatika. Wanoongar walilijua hilo, wakawa wakichoma nyika kwa mafungu na kwa majira yake.

Waingereza walianzisha koloni lao huko mwaka 1829. Mwaka 1847 sheria yao iliweka adhabu kwa wachomao nyika, na kwa mwenyeji adhabu ikawa viboko. Aliyejua kuutawala moto akahesabiwa mkosaji katika nchi yake.

Baadaye mji wa Perth ukatanuka juu ya misitu ya banksia, na kimelea cha udongoni kilicholetwa na wageni kikaanza kuiozesha mizizi. Mwaka 2016 serikali ya Australia iliiorodhesha misitu hiyo ya uwanda wa pwani kuwa imo hatarini kutoweka.

Leo wataalamu huwaendea wazee wa Kinoongar kuwauliza habari za moto. Mgeni alitangulia kuupa mti jina. Kuuliza kumemchukua zaidi ya karne mbili.