Karani, Shamba na Maradhi Yaliyokanushwa

Endarasha imo katika nchi ya Kieni, kaunti ya Nyeri, mahali ambapo mtu akisimama asubuhi isiyo na ukungu huiona safu ya Nyandarua ikiwa karibu naye upande mmoja, na Mlima Kenya ukiwa mbali upande wa pili, na baina ya milima hiyo mvua huja kwa uchache, baridi huja kwa wingi, na watu hupata riziki yao kwa viazi, kabeji, vitunguu, kondoo na ng'ombe wa maziwa. Ni nchi ya wakulima. Lakini ukiwauliza wazazi wa huko waliwatakia nini watoto wao tangu siku walipomilikishwa mashamba hayo, aghalabu utajibiwa jawabu moja: kazi ya afisi, yenye mshahara wa mwisho wa mwezi na meza isiyonyeshewa. Kwa hiyo mtu aliyeipata kazi hiyo kisha akaiacha kwa hiari yake, bila kufukuzwa na bila kupata iliyo bora, huwatia jamaa zake fadhaa isiyo ndogo. Na akisema ya kwamba ameiacha kwa kuwa moyo umemwelemea, kwamba amepatwa na maradhi ya sonona hata kuamka asubuhi kumekuwa adhabu, fadhaa ile hugeuka shaka, na shaka ikageuka lawama. Lawama hiyo ina historia, nami nataka kuieleza, maana haikutokana na tabia ya watu wa Nyeri wala haikurithiwa kwa wahenga. Ilijengwa kwa sheria, kwa kodi, kwa shule za misheni, na kwa elimu moja ya tiba iliyokuwa batili.

Tuanze na ardhi, kwa sababu Nyeri hakuna jambo lisiloanza na ardhi. Kabla ya Mwingereza kupiga kambi yake mjini Nyeri mwaka 1902, nyanda zinazoelekea Laikipia zilikuwa malisho ya Wamaasai, na Wakikuyu walilima miinuko iliyo kusini yake. Mapatano ya mwaka 1904 yaliwasukuma Wamaasai wengine Laikipia, na yale ya 1911 yakawaondosha tena huko na kuwapeleka kusini, hata ilipofika mwaka 1913 nchi ile ilikuwa imekwisha kuachwa kwa walowezi. Na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kwa mpango ulioanza mwaka 1919, wanajeshi wa Kizungu wakagawiwa mashamba mapana katika nyanda za juu. Mkikuyu wa Nyeri alijikuta amezungushiwa mpaka, anadaiwa kodi ya kibanda, na asipokuwa na fedha ya kodi hana budi kwenda kuitafuta katika shamba la mwingine, huku amening'iniza shingoni kikopo cha chuma chenye kipande, ile hati iliyoamriwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita.

Katika hali kama hiyo, mtu aliyejua kusoma na kuandika aliokoka na mengi. Mapadri wa Consolata walikuwa wamefika mwaka 1902, na Waskoti wakafungua misheni yao Tumutumu muda mfupi baadaye. Vijana waliotoka katika shule hizo wakawa wakalimani, waalimu, wapimaji wa mizani, makarani wa mahakama na wa maghala. Heshima ya karani haikuwa katika mshahara peke yake. Mwenzake alibeba kipande ambacho bwana shamba angeweza kukataa kukitia sahihi na hivyo kumfunga mahali pamoja kama mateka. Karani alikuwa upande wa pili wa meza, yeye ndiye aliyeandika. Basi mzazi aliyemwambia mwanawe asome ili apate afisi hakuwa akimfundisha uvivu wala kupenda makuu. Alikuwa akimtafutia mwanawe mahali ambapo hatapigwa.

Wako waliozitoka meza hizo mapema, na majina yao tunayajua. Harry Thuku alikuwa mpokea simu katika idara ya hazina ya serikali mjini Nairobi. Alishikilia siasa kuliko kazi, akaipoteza kazi, akakamatwa Machi 1922 na kupelekwa uhamishoni, na alipozeeka alikuwa mkulima wa kahawa wa Kiambu. Jomo Kenyatta alikuwa karani wa ghala na msoma mita katika idara ya maji ya Nairobi, naye aliiacha kazi hiyo mwaka 1928 ili awe katibu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Watu wa Nyeri huwataja hawa kwa fahari, na ni haki yao. Lakini tutambue fahari hiyo ilijengwa juu ya nini: waliiacha meza kwa ajili ya taifa. Mtu aliyeiacha kwa ajili ya nafsi yake, kwa kuwa jitimai ilikuwa imemla hata hakuona maana ya karatasi zilizo mbele yake, hakuandikwa popote. Naamini walikuwako. Hawakuandikwa kwa sababu waliokuwa na mamlaka ya kuandika habari za maradhi walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mtu wa namna hiyo hayuko.

Hapa sina budi kukaa kidogo, maana ndipo palipo kiini cha jambo. Jijini Nairobi palikuwa na jengo lililokuwa la kuwatenga wagonjwa wa ndui, ambalo mwaka 1910 lilifanywa nyumba ya wenye wazimu, na mwaka 1924 likaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Wagonjwa walitengwa humo kwa rangi zao, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa Dakta J. C. Carothers, tabibu wa serikali aliyeingia kazi hiyo bila mafunzo maalumu ya maradhi ya akili. Kwa kuwatazama wale walioletwa kwake, ambao wengi waliletwa kwa mkono wa polisi na mahakama, alitoa hukumu juu ya watu wa bara zima: kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, kwa kuwa Mwafrika, kwa madai yake, habebi nafsini mwake mzigo wa wajibu na majuto unaomwangusha Mzungu. Mwaka 1951 alifikia hadi kulinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na kwa muhuri huo maneno yake yakasomwa kama elimu.

Fikiri maana yake kwa karani wa siku zile. Aliyepiga kelele barabarani alipata kitanda Mathari, hata kama kilikuwa kitanda cha mateso. Lakini aliyenyamaza, aliyekonda, aliyekuwa akifika afisini kila siku saa mbili na kuketi hata jioni ilhali moyoni mwake mmekwisha kuzimika, huyo hakuwa na ugonjwa wowote kitabuni. Kwa bwana mkubwa wake alikuwa mvivu. Kwa jamaa zake alikuwa ama amerogwa ama hana shukrani. Naona kukanushiwa ugonjwa namna hiyo ni dhuluma iliyo kubwa kuliko kunyimwa dawa, kwa kuwa aliyenyimwa dawa anajua la kudai.

Katika hesabu zake Dakta huyo aliona pia kwamba waliothibitishwa kuwa wendawazimu walikuwa wengi zaidi, kwa kadiri ya idadi yao, miongoni mwa waliofanya kazi mbali na kwao kuliko miongoni mwa waliobaki vijijini, naye akaichukua hali hiyo kuwa ushahidi kwamba Mwafrika akiwa kwao, katika mila zake, yu salama. Hakuupa uzito wa kutosha ukweli ulio wazi, kwamba aliyeugua mjini alionwa na askari, na aliyeugua kwao alifichwa na mama yake. Fikira hii ya Mwafrika mwenye raha katika kijiji chake haikumzuia kuandika, mwaka 1954, risala juu ya saikolojia ya Mau Mau aliyoombwa na serikali, na humo kuunga mkono kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji vya amri. Zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu walibomolewa nyumba zao na kuingizwa katika vijiji hivyo, vyenye handaki na askari. Nyeri, iliyopakana na msitu wa wapiganaji, ilionja hayo yote.

Baadaye elimu ilijisahihisha, na fahari ya kuisahihisha ni ya Waafrika pamoja na waliofanya kazi nao kwa insafu. Kule Abeokuta, Nijeria, Dakta Thomas Lambo, akishirikiana na wataalamu wa Marekani waliotoa kitabu chao mwaka 1963, alikwenda vijijini badala ya kuwangoja watu hospitalini, na dalili za sonona zikaonekana tele. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakakuta sonona huko ni nyingi kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa wa Camberwell, London. Wale wanakijiji hawakuwa na afisi wala bwana mkubwa. Walikuwa na mashamba.

Turudi Endarasha. Kuanzia mwaka 1962, kwa mpango uliojulikana kama wa ekari milioni moja, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha za mikopo na kugawiwa wenyeji, na nchi ya Kieni, Endarasha ikiwemo, ikawa ya makazi mapya. Waliohamia huko walitoka katika vijiji vya amri na katika matuta yaliyojaa watu. Hawakupewa ardhi bure. Walipewa deni, na deni lililipwa kwa maziwa na mazao ya shamba msimu baada ya msimu. Kwa maziwa na viazi hivyo hivyo ikalipwa karo ya shule, na pale ambapo shule haikuwako ikajengwa kwa harambee. Kazi ya afisi aliyoipata mtoto wa Endarasha baada ya uhuru ilikuwa na wadai wengi nyuma yake: baba aliyeuza fahali, shangazi aliyetoa akiba ya chama, ndugu mdogo aliyeacha masomo ili mkubwa aendelee. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, naye ni mtu wa Nyeri, iliwaruhusu watumishi wa serikali kuwa na biashara na mashamba yao wenyewe, na tangu hapo meza na shamba vikafungwa pamoja zaidi: mshahara ndio ulionunua mbolea na kumlipa mchungaji. Mwenye kuiacha meza hakuacha chakula chake pekee. Wangari Maathai wa Ihithe, jirani ya Kieni, alipojiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982 ili agombee ubunge, alizuiwa kugombea, hakurudishwa kazini, na nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Ikiwa mwanachuoni wa daraja ile aliachwa bila paa kwa muda wa siku chache, karani wa kawaida angetumaini nini?

Kisha yakaja mageuzi ya utumishi wa serikali, na karibu na mwaka 1994 watumishi wa vyeo vya chini wakashawishiwa kustaafu mapema kwa mkupuo wa fedha. Wengi walirudi vijijini mwao, na serikali hiyo hiyo iliyokuwa imefanya meza kuwa heshima ya mtu ikamwambia kwamba heshima yake sasa iko shambani.

Nami nasema haya nikiwa mtu niliyepata kuketi katika afisi ambayo sitaitaja, nikiugua ugonjwa huu bila kuutambua, na siku nilipoondoka nilishauriwa na watu wengi walionipenda kwamba nirudi nyumbani, nishike jembe, nami nitapona. Nilirudi, na ugonjwa ukaja nami. Ushauri ule ulitolewa kwa wema, lakini ndani yake mna masalia ya fikira ya Carothers, kwamba mwana wa nchi akiwa na udongo mikononi hana la kumhuzunisha. Vijiji vile viwili vya Uganda vinaukadhibisha. Kuacha kazi inayomdhuru mtu huenda ikawa jambo la haki na la busara, na mimi sijutii. Lakini kuacha kazi ni kuacha kazi, na matibabu ni matibabu, na mwenye kuchanganya viwili hivi huweza kujikuta Endarasha katikati ya mwezi wa Julai, wa baridi kuu, hana mshahara, hana daktari, na amekwisha kukata tamaa kwa kuwa ile dawa aliyoahidiwa haikumfaa.

Mwishoni mwa mwaka 2019 serikali ya Kenya iliunda jopo la afya ya akili chini ya Dakta Frank Njenga, nalo mwaka 2020 likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Hata hivyo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ingali ikimlazimisha mwajiri kumpa mgonjwa siku 7 tu za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika mwaka mzima, na sonona haiponi katika siku 14. Nawaomba waheshimiwa wabunge, na kwanza wale wanaotumwa na watu wa Kieni na Nyeri, waziongeze siku hizo. Na wazazi wa Endarasha nawaomba, mtoto akirudi kutoka afisini bila kazi na bila furaha, wamsindikize kwa daktari kabla ya kumkabidhi jembe.